Kasha la Lita Tisa

Tarehe 9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama na macho yamekupa siku nzuri. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini akisikia kuna harusi yanapona yenyewe. Baba ananiuliza kila jioni kama umeandika, utadhani mimi ndiye posta. Natumia kalamu nene kama ulivyoagiza, kwa hiyo ukiona ukurasa mzima una mistari sita usidhani nimeishiwa maneno.

Sasa jambo lenyewe. Ulipostaafu kwenye kituo cha hali ya hewa ulisema umeandika joto, upepo na mvua mara tatu kwa siku kwa miaka thelathini na minne, na hujawahi kuiona miaka hiyo kwa pamoja, umeona ukurasa mmoja mmoja tu. Halafu daktari wa macho akasema pembeni pameshaziba na katikati patafuata, pengine kabla ya mwaka huu kuisha. Shangazi, nataka uione. Nitayaingiza madaftari yako yote kwenye kompyuta, kila siku iwe mraba mdogo wa rangi, kijiraba kimoja, bluu kwa baridi na nyekundu kwa joto, kila mwaka mstari mmoja. Kisha tuichomeke kwenye ile televisheni kubwa waliyokuzawadia wenzako. Nitumie madaftari tu.

Vifaa vingi ninavyo. Ofisini kwetu, tunakochora ramani za nyumba, walibadilisha mashine, nami nikapewa bodi kuu na kadi ya picha yenye akili kuliko mimi. Nilichokosa ni kasha la kuvitia. Na hapo ndipo ninapokosa usingizi, kwa sababu nitakuja nalo kwa basi, mwendo wa saa kumi na nne, na nikiliweka kwenye buti chini ya magunia ya watu litafika vipande vipande. Lazima nilipakate. Kwa hiyo lazima liingie kwenye ule mfuko wa zipu wa mama, ambao nimeupima kwa rula ndani na nje mpaka mama akauliza kama naushonea suti.

Makasha madogo haya, shangazi, watu huyapima kwa lita, kama maji! Nimebakiza matatu. Moja ni la lita ishirini, lina nafasi, rahisi kufunga vitu, ila mfuko haulitaki. La pili ni la lita saba, kioo pande zote mbili, taa ndani, ukiliona utalisalimia. La tatu ni la lita tisa, pande zake ni wavu wa chuma, halina sura; kadi ya picha inakaa mgongo kwa mgongo na bodi, imeunganishwa kwa utepe mwembamba. Moyo wangu uko kwenye kioo. Wewe unasemaje?

Mwanao,
Kidole


Tarehe 3 Machi

Mwanangu Kidole,

Marahaba, na nyingine kwa ajili ya kalamu nene. Barua yako nimeisoma mwenyewe mwanzo hadi mwisho bila kumwita mtu. Mimi mzima. Kuku wa jirani wameamua bustani yangu ni mali yao. Siwaoni wakiingia, nawasikia wakiondoka wameshiba. Mwambie baba yako akuache upumue. Mama yako mwambie magoti ya harusi na mimi ninayo.

Lita! Nimekaa na neno hilo robo saa nzima. Nilichukua dumu la maji la lita kumi, nikaliweka mezani, nikalipapasa kila upande. Nikasema, toa humu bilauri nne, kisha weka kila asubuhi, kila adhuhuri na kila alasiri ya maisha yangu yote ya kazi. Vitaenea? Nilibaki nimelikumbatia dumu, mdomo wazi. Ningekuwa na mgeni angenipeleka hospitali.

Sasa sikiliza. Unakikumbuka kisanduku changu cha hewa pale kituoni, kile cheupe chenye miguu minne, ulichokuwa ukikiparamia mpaka nikuite kwa sauti ya ukali? Mbao zake zimelazwa mshazari, moja juu ya nyingine, jua lisiingie na upepo usizuiwe. Hewa ikisimama humo ndani, kipimajoto hakipimi tena hewa ya dunia, kinapima sanduku. Na hewa ya moto ina tabia moja tu, kupanda. Ipe mahali pa kuingilia chini na mahali pa kutokea juu, halafu usiisumbue. Vifaa vyako vinatoa joto, umesema mwenyewe. Chukua la wavu.

La kioo usinitajie tena. Sanduku la kioo si pambo.

Madaftari nimeyatuma kwa basi la vifurushi, kwenye katoni niliyoifunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Yako thelathini na matatu. La kumi na moja sijalipata. Nyumba hii ina makabati mengi.

Shangazi yako


Tarehe 24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Katoni imefika, nasi tumeshinda nayo mchana kutwa kama watu waliopata mgeni. Baba alinusa daftari la kwanza akasema linanukia wewe. Mama amejitolea kunisomea namba huku mimi nachapa. Anasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Saa tatu, ishirini na moja nukta nne. Mvua hakuna. Saa sita..." Kila siku baada ya kazi tunafanya miezi minane, na mama hanipi hata mwanya wa kunywa maji. Mwandiko wako haubadiliki, shangazi. Daftari la kwanza na la thelathini, ile saba yako yenye mkia ni ile ile. Nimewahi kuona mashine zinazochoka kuliko wewe.

Kasha limefika pia. Nalifanyia kazi.

Hilo la kumi na moja endelea kulitafuta, nakuomba. Ndilo la mwaka niliozaliwa. Nilitaka kuona tarehe nne Juni kulikuwaje, mvua au jua. Nilimwambia mama hivyo hivyo, naye akainuka kwenda kutazama sufuria, na jikoni hapakuwa na sufuria motoni. Nimewaandikia pia makao makuu ya idara yenu nikawaomba nakala za mwaka ule, endapo lako limepotea kabisa.

Halafu kuna kitu. Ofisini waliniuliza kwa nini naitwa Kidole, nikawaambia nilikuwa nachomeka kidole kila mahali, kwenye soketi, kwenye sukari, kwenye sikio la baba akilala. Ndivyo nilivyosikia siku zote. Mama aliposikia ninavyosimulia akasema, "Muulize shangazi yako." Basi nakuuliza.

Kidole


Tarehe 30 Aprili

Kidole,

Marahaba. Nimechelewa, niwie radhi. Wiki hizi naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Chai namimina kwa kusikiliza. Kikombe kikikaribia kujaa sauti inapanda. Sijaungua bado, usimwambie baba yako.

Umeniambia kasha limefika. Hukuniambia ni lipi. Mimi nimesoma ripoti za watu maisha yangu yote, na ninajua mtu anapoandika "nalifanyia kazi" maana yake nini.

Makao makuu hukupaswa kuwasumbua. Wana kazi zao.

Shangazi yako


Tarehe 18 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na naomba ukae kitako kabla ya kuendelea. Wote wazima, si msiba.

Kwanza nitubu. Nilinunua la kioo. Barua yako ilinikuta nimeshalipia, na badala ya kusema nikanyamaza kama mtoto aliyevunja sahani. Nililifunga, nikaliwasha, taa zikacheza, nikamwita mama aje ashangae. Baada ya dakika ishirini ubongo wa mashine ulifika nyuzi joto tisini na saba. Kioo ukikigusa unarudisha mkono. Feni ilikuwa inalia, inazungusha hewa ile ile ya moto, haina pa kuipeleka. Kisha mashine ikajizima yenyewe, na chumba kikanuka plastiki. Nilikaa sakafuni nikakumbuka maneno yako yote, neno kwa neno, na nikaona aibu. Bahati nzuri hakuna kilichokufa isipokuwa feni.

Kioo nilikirudisha dukani, nikaongeza kidogo, nikachukua la wavu. Nalo lilinifundisha adabu. Urefu wa kadi ya picha niliupima mara tatu, ukaingia barabara. Nilichosahau ni kwamba waya wa umeme huchomekwa juu ya kadi, na waya nao unahitaji mahali pa kukunjia shingo. Kifuniko kikakataa kufunga kwa upana wa kidole kimoja, tena changu. Jumapili nzima ilipotea nikitafuta waya wenye kichwa kifupi. Nilipoupata, kifuniko kiliingia kwa sauti ndogo, tik, nami nikapiga kelele mpaka baba akaja mbio. Sasa mashine ikifanya kazi ngumu kabisa inafika nyuzi sitini na nane. Ukiweka mkono juu unasikia hewa vuguvugu inapanda taratibu. Na mfuko wa mama unafunga zipu hadi mwisho. Lita tisa, shangazi.

Tukaichora picha. Mama, baba na mimi tulisimama mbele ya skrini ya kompyuta. Misimu yako inashuka kama shuka lililofumwa, michirizi ya bluu na nyekundu, mwaka juu ya mwaka. Unauona ule mwaka wa ukame umekatiza kama jeraha. Unaona jinsi nyekundu zinavyoongezeka kadiri unavyoshuka chini. Baba, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema, "Dada yangu alikuwa anafuma, sisi tulidhani anaandika." Mtu mmoja, saba moja yenye mkia, na dunia nzima imekaa humo.

Sasa hili la pili naliandika polepole. Nakala za mwaka wa kumi na moja zilifika kutoka makao makuu, nikaziingiza. Na picha ikaonyesha kitu ambacho hakuna jicho lingekiona kwenye daftari. Kuanzia tarehe nne hadi kumi na nne Juni, siku kumi na moja, vijiraba vya mwaka wa kumi na moja ni sawasawa na vya mwaka wa kumi. Siyo vinakaribiana. Ni vilevile, nukta kwa nukta, upepo na mvua pia. Kama pacha.

Sijamwonyesha mtu. Ukitaka nitaviacha hivyo hivyo na hakuna atakayejua, na mimi nitasahau. Ila niambie wewe, si picha.

Kidole


Tarehe 2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Kuhusu kioo sikulaumu. Umejilaumu vizuri wewe mwenyewe.

Barua hii nimeiandika siku nne, mistari michache kwa siku, asubuhi tu, nikiwa na mwanga. Daftari la kumi na moja limo kwenye kifurushi hiki. Halikupotea. Lilikuwa chini ya godoro langu, na miaka ishirini na mitatu nimelilalia.

Ulizaliwa kabla ya wakati, hilo unalijua. Hujui ilikuwa kabla ya wakati kiasi gani. Baba yako alikuwa kazini mbali, barua ilichukua wiki kumfikia. Mama yako alikuwa wodi nyingine, hajijui. Waliniita mimi. Nikakuta wamekuweka ndani ya sanduku la kioo, dogo, lenye joto, na wewe ndani yake ukiwa hujai kiganja. Mwanangu, mimi nilikuwa nimeona radi inayopasua mti, lakini sikuwahi kuona kitu kama kile. Uhai mzima, mapafu, moyo, kucha, vimekaa kwenye sanduku ambalo ningeweza kulipakata.

Kipimajoto cha sanduku lile kilikuwa hakiaminiki. Muuguzi alikuwa mmoja na watoto tisa. Mimi kazi yangu ninayoijua ni moja. Nilikuwa nimekuja na daftari la kituo mkobani, na kipimajoto changu cha akiba. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kusoma. Sikuondoka siku kumi na moja.

Kituoni nilikuwa peke yangu. Niliomba ruhusa, hakuna aliyejibu. Mtu aliyeacha siku moja tupu aliitwa kujieleza. Aliyeacha kumi na moja alifukuzwa. Kwa hiyo niliporudi nilifungua daftari la mwaka uliotangulia nikanakili kwenye ripoti ya mwezi, nikaipeleka makao makuu. Nilidanganya, Kidole. Watu wamenisifu kwa kutokukosa hata siku moja, wakanipa televisheni, nami nilipokea nikitabasamu.

Huwezi kuviacha hivyo. Hewa ya siku zile ilikuwepo, na mimi niliiandikia maneno ambayo haikusema. Vifute. Uniandikie barua kwa makao makuu, useme ni za uongo na ni nani aliyeziandika, uje nayo nitie sahihi wakati bado naweza kuona mstari wa sahihi uko wapi.

Kuhusu jina lako, lile sanduku lilikuwa na tundu pembeni. Mkono mzima walikataa, waliniruhusu kidole kimoja. Ulikishika.

Shangazi yako


Tarehe 20 Julai

Shangazi wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Mama alinisomea daftari. Alianza kwa sauti ile ya mtangazaji, kisha akanisukumia, nikalisoma mwenyewe. Sikuwa nimeelewa kutoka kwenye barua yako. Nilidhani uliandika pembeni, kwenye karatasi ya nyuma. Kumbe uliandika palepale, kwenye safu za kituo, kila saa, mchana na usiku. Pale penye joto ni joto la sanduku: thelathini na nne nukta mbili, thelathini na nne, thelathini na tatu nukta moja, "nimemwita muuguzi". Pale penye upepo umeandika pumzi zangu kwa dakika. Hamsini na nane. Sitini na moja. Na pale penye mvua umeandika maziwa, kwa mililita. Mbili. Mbili. Tatu. Siku ya tisa kuna nane, na umepiga mstari chini yake mara mbili, wewe ambaye hujawahi kupigia mstari chochote, hata ile mvua iliyobomoa daraja.

Nilitaka kujua tarehe nne Juni ilikuwa mvua au jua. Sasa najua. Kulinyesha mililita mbili.

Sijui nifanye nini na jambo kubwa namna hii. Nimekuwa nikitembea nalo ofisini. Mtu ananiuliza upana wa dirisha nami nafikiria ule mstari wa chini. Baba ameusoma ukurasa wa kwanza, akatoka nje, akarudi akiwa amenawa uso. Anasema yeye mwenyewe atakununulia kiti cha kutazamia televisheni.

Barua ya makao makuu nimeiandika kama ulivyotaka, haijaficha wala haijapamba. Vijiraba kumi na kimoja nimevifuta. Nakuja tarehe tisa Agosti, nimekata tiketi ya kiti cha dirishani. Kasha nitalipakata njia nzima. Wakiniambia niliweke kwenye buti, kutakuwa na ugomvi.

Kidole wako


Tarehe 14 Septemba

Mwanangu Kidole,

Herufi kubwa, maneno machache, nisamehe. Mwambie baba yako kiti kimefika. Mwambie mama yako sikulia sana, na wewe umthibitishie.

Makao makuu wamejibu. Wamepokea masahihisho, wameyabandika kwenye faili la mwaka ule, na anayeandika ni kijana niliyemfundisha kusoma kipimaupepo. Mwishoni ameuliza, kama si siri, nilikuwa wapi siku zile. Bado natafuta namna ya kumjibu.

Picha naitazama kila siku. Ninachokiona kimebaki duara kama sahani, nyingine yote ni giza. Naanzia juu kushoto, nasogea. Miaka inapita mmoja mmoja, kama nilivyoiishi. Nikifika kwenye weupe ule wa siku kumi na moja ulizozifuta, nasimama. Wageni wakija nawaonyesha huo kwanza.

Daktari amesema pengine hadi Novemba. Sina hofu kama niliyokuwa nayo. Nimeshaona.

Na ujue nimerudi kazini. Saa tatu, saa sita na saa tisa naenda kwenye kasha lako, naweka kiganja juu ya wavu na kusubiri. Hewa inapanda, vuguvugu, bila haraka. Kisha nafungua daftari jipya, la thelathini na tano, na kwa herufi hizi kubwa naandika neno moja: anapumua.

Shangazi yako